Kichanja cha Kukaushia Milango ya Kabati Iliyopakwa Rangi

Ukipaka rangi milango tisa ya kabati la jikoni, utaiweka wapi ikiwa bado mbichi? Ikilazwa sakafuni, vumbi linaitafuta. Ikiegemezwa ukutani, ukingo unanata. Kichanja hiki kinaibeba yote tisa na hakitokezi zaidi ya futi mbili na nusu kutoka ukutani.

Hatua ya 1: Vifaa. Tafuta miimo miwili ya saipresi kavu, inchi 2 kwa 3, urefu futi 6. Soko la Gikomba, Nairobi, utaipata, chungulia kila mbao kutoka mwisho mmoja, na iliyopinda iache hata ukipunguziwa bei. Ongeza mabomba matatu membamba ya chuma, ya robo tatu inchi, futi 20 kila moja. Wengi hutumia mabomba ya plastiki ya nyaya za umeme kwa kuwa ni nafuu. Mimi siyakubali: mlango mzito huyapinda, na thina kali huyalainisha.

Hatua ya 2: Kata mikono 20 ya inchi 27, yaani vipande vya bomba vitakavyolaziwa milango. Bomba moja hutoa minane. Piga tupa ncha zote, kwa sababu ncha kali itachana rangi yako na kiganja chako.

Hatua ya 3: Matundu. Kazi yote iko hapa, usiharakishe. Funga miimo pamoja kwa klampu, uchore alama kwa pamoja: ya kwanza inchi 12 kutoka chini, kisha kila baada ya inchi 6, hadi zitimie kumi. Pima unene wa bomba kwanza ndipo ununue biti inayolingana nalo.

Toboa upande wa inchi 3, ukiinamisha kidogo ili tundu liwe juu kwa mbele na chini kwa nyuma. Nyuzi 5 zinatosha. Ncha ya mkono itapanda kama inchi 2, na mlango hautateleza kuja mbele. Usikadirie kwa jicho. Toboa kipande cha mbao kwa mwinamo huo, kisha ukitumie kuongoza biti kwenye kila alama. Tundu moja likienda kombo, mlango utakaa kwa pembe tatu na kucheza.

Hatua ya 4: Funga miimo ukutani, inchi 14 kati yake, kwa boliti za ukutani. Tumia pima maji ili matundu ya kushoto na kulia yalingane. Ingiza mikono mpaka iguse ukuta. Haihitaji gundi; uzito wenyewe unaibana, na siku ya kukwangua rangi utaichomoa.

Unapopanga milango, anza juu ushuke, la sivyo aproni yako itagusa ya chini ukinyoosha mkono. Ngazi ya kumi, ya juu kabisa, iwekee plaiwudi badala ya mlango, ikinge vumbi la mabati ya paa. Na kuanzia Juni hadi Agosti, Nairobi ikiwa na baridi na mawingu, acha ngazi moja tupu kati ya milango ili hewa ipite, na usipake koti la pili la rangi mpaka la kwanza lisagike kwa msasa bila kunata.