Jinsi ya Kuchagua Filamu ya Kukinga Jua kwa Madirisha na Milango ya Vioo ya Nyumbani

Nyumba nyingi zinazojengwa sasa Dar es Salaam na Mombasa zina madirisha mapana ya aluminiamu na milango ya vioo ya kuteleza inayofungukia barazani au kwenye roshani. Vioo hivyo huingiza mwanga mzuri, lakini kuanzia Desemba hadi Machi huingiza pia joto linaloifanya sebule isikalike alasiri, hata pale kiyoyozi kinapofanya kazi bila kupumzika. Filamu ya kukinga jua, ambayo wengi huiita tinti au stika ya kioo, inaweza kulipunguza joto hilo kwa kiasi kikubwa, mradi mnunuzi asiichague kwa kuangalia weusi wake.

Karibu nusu ya nishati ya jua inayofika dirishani ni miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Sehemu kubwa ya nusu iliyobaki ni mwanga wa kawaida, na sehemu ndogo sana ni miale ya urujuanimno, ambayo huchangia sana kupausha mapazia, makochi na mbao. Filamu ya bei nafuu iliyotiwa rangi tu hukata mwanga tunaouona na kuiacha infraredi nyingi ipite, kwa hiyo mwenye nyumba hujikuta amewasha taa mchana ndani ya chumba ambacho bado kina joto. Kwa upande mwingine, filamu bora ya seramiki, yaani yenye chembe ndogo sana za kauri, inaweza kuwa angavu kiasi cha kuonekana kama kioo kitupu, na bado ikazuia joto kuliko ile nyeusi.

Kwa sababu hiyo, muuzaji aombwe karatasi ya vipimo kabla ya kutajiwa bei. Kipimo cha kutazama kwanza ni asilimia ya nishati yote ya jua inayozuiliwa, ambacho kwa kawaida huandikwa kwa herufi TSER. Cha pili ni VLT, yaani asilimia ya mwanga unaopita: filamu ya 70 ni angavu sana, ya 35 ina kivuli cha wastani, na ya 5 ni nyeusi kabisa. Kuhusu urujuanimno, filamu nzuri huzuia hadi asilimia 99, na kwa kuwa nyingi zinafikia kiwango hicho, kigezo hiki hakisaidii sana kuzitofautisha. Tahadhari kubwa inahitajika pale muuzaji anapowasha taa ya joto, akaweka kipande cha filamu mbele yake na kumwambia mteja aweke mkono nyuma. Katika nishati ya taa hiyo, infraredi huchukua sehemu kubwa kuliko katika nishati ya jua, tena asilimia kubwa ya infraredi inayotangazwa mara nyingi imepimwa kwenye sehemu finyu ya miale hiyo. Filamu inayojisifu kuzuia asilimia 95 ya infraredi inaweza kuwa na TSER ya 50 tu, na hiyo 50 ndiyo itakayouhusu mwili wa anayekaa sebuleni.

Hesabu fupi itaonyesha kwa nini jambo hili lina uzito. Chukua mlango wa kioo wenye mita 2 kwa 2 unaotazama magharibi, na tuseme kwamba jua la alasiri linaupiga kwa wati 600 kwa kila mita ya mraba. Kioo cheupe cha milimita 6 hupitisha takribani asilimia 82 ya nishati hiyo, kwa hiyo karibu wati 2,000 huingia ndani, sawa na kuwasha jiko la umeme katikati ya chumba. Mlango huohuo ukivikwa filamu na kufikia TSER ya 60, zitaingia wati 960. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kina uwezo wa kuondoa takribani wati 3,500 za joto, hivyo mlango mmoja unakipunguzia zaidi ya robo ya kazi yake katika saa hizo.

Si kila dirisha linastahili gharama hiyo, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta na Mombasa nyuzi 4, maana yake jua la adhuhuri hupita juu sana mwaka mzima, na paa lenye ukingo mpana hutosha kuyafunika madirisha yanayotazama kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la alasiri, kinyume chake, huja chini chini na kupenya chini ya ukingo huo. Katika miezi ya joto jua huzama likiwa limeelemea kusini kidogo, kwa hiyo chumba kinachotazama magharibi au kusini-magharibi ndicho kinachoteseka zaidi, tena wakati ambao kuta na hewa ya nje tayari vimeshapata moto. Ningeshauri mwenye bajeti ndogo anunue filamu bora kwa upande huo pekee, badala ya kuweka filamu duni nyumba nzima. Vilevile, kivuli cha nje, kiwe ni baraza, chiki au mwarobaini, hulizuia joto kabla halijagusa kioo; palipo na nafasi ya kivuli hicho, kianze chenyewe, na filamu ifuate.

Ukiacha zile za rangi tu, ambazo nyingi hupauka au kugeuka zambarau baada ya muda, zipo filamu zenye tabaka la metali, za kaboni na za seramiki. Za metali hurudisha jua vizuri sana na mara nyingi si ghali, lakini hung'aa kama kioo cha kujitazamia, huweza kummulika jirani, na zinaweza kudhoofisha mawimbi ya simu ndani ya nyumba. Mng'ao huo huwavutia wanaotaka faragha, na inafaa waelewe kwamba faragha yake hufuata upande wenye mwanga mkubwa zaidi. Mchana mpita njia haoni ndani. Usiku taa zikiwashwa, yeye ndiye anayeona, na aliye ndani huona sura yake mwenyewe. Pazia bado linahitajika. Za seramiki hazina kasoro hizo ila bei yake ni kubwa, na kwa sebule ambayo familia inataka kuendelea kuona bustani au bahari, naona inastahili.

Kabla ya kulipa, mwenye nyumba ajue aina ya kioo alichonacho, kwa sababu filamu isiyofaa inaweza kukipasua. Filamu inayonyonya joto hukipasha kioo moto katikati, huku kingo zilizofichwa ndani ya fremu ya aluminiamu zikibaki na ubaridi; kioo hutanuka bila usawa, na ufa huanzia ukingoni, hasa pale ukingo ulipokuwa umekatwa vibaya. Hatari huwa kubwa zaidi kwa kioo chenye rangi, kioo chenye waya ndani, kioo cha tabaka zilizogundishwa na vioo pacha vyenye nafasi ya hewa katikati. Madirisha ya vioo vya kahawia, bluu au kijani ni mengi mno mijini kwetu, na wenyewe husahau kwamba vioo hivyo tayari hunyonya joto. Pia husahau kwamba giza huzidishana: kioo kinachopitisha asilimia 50 ya mwanga kikivikwa filamu ya 35, kitabaki kikipitisha karibu 18 tu. Kwa mlango wa kioo wenye watoto karibu, aulize pia filamu ya usalama, ambayo ni nene zaidi na huvishika vipande kioo kikivunjika. Filamu nyembamba ya jua haipaswi kutegemewa kwa kazi hiyo, ingawa zipo zinazounganisha yote mawili.

Vipimo vichukuliwe kwa kila kioo, si kwa dirisha zima. Roli nyingi zina upana wa mita 1.52, hivyo kioo kinachozidi hapo kwa upana na kwa urefu kitakuwa na kiungo kinachoonekana. Filamu nyingi hubandikwa upande wa ndani, na nondo zilizo karibu na kioo humzuia fundi kufika kwenye kona. Kwa madirisha ya kuteleza, ni afadhali fundi aluminiamu azitoe fremu kwanza. Madirisha ya luva hayafai sana, kwani hewa ya moto hupita katikati ya vipande vyake.

Omba kipande cha sampuli cha ukubwa wa karatasi ya kawaida, kibandike kwa muda kwenye kioo kinachohusika, kisha kitazame saa nne asubuhi, saa kumi alasiri na saa mbili usiku taa zikiwa zimewashwa. Usikipime kwa kugusa kioo, kwa maana filamu inayonyonya joto hukifanya kioo kiwe cha moto hata inapokuwa inapunguza kinachoingia. Anayepanga au kuishi kwenye ghorofa la pamoja apate idhini ya mwenye nyumba kwanza, kwa sababu rangi ya nje hubadilika.

Siku ya kazi, feni zizimwe na sakafu ifagiliwe mapema ili vumbi litulie. Fundi mzuri husugua kioo kwa wembe na maji ya sabuni, na huacha mwanya wa milimita 1 au 2 ukingoni. Ukungu na viputo vidogo vya maji huisha vyenyewe katika wiki chache. Vumbi lililonaswa au mikunjo haiishi, na ikionekana, kazi irudiwe kabla ya malipo ya mwisho. Kioo kisisafishwe kwa siku 30, na baadaye kitumike kitambaa laini na sabuni isiyo na amonia. Dhamana iandikwe kwenye risiti pamoja na jina kamili la filamu na namba yake, ikitaja waziwazi kubanduka, kubadilika rangi na kupasuka kwa kioo.