Somo: Maharage meusi ya Kikuba, yaliyoungwa kwa sofrito

Ukionja maharage meusi ya Kuba unaweza kudhani kuna nyama imefichwa humo. Mara nyingi hakuna. Ladha ile ni ya sofrito: kitunguu maji, hoho na kitunguu saumu vilivyokaangwa taratibu kwa mafuta. Mafuta ya zeituni na kitunguu vilikuja na Wahispania. Hoho na maharage yenyewe ni mazao ya Amerika. Vimekutana sufuriani.

Mahitaji: maharage meusi gramu 500, kitunguu maji kikubwa 1, hoho za kijani 2, kitunguu saumu punje 5, mafuta ya zeituni vijiko vikubwa 4, bizari nyembamba ya kusaga na oregano kavu kijiko kidogo kimoja kimoja, jani la bay 1, siki kijiko kikubwa 1, sukari kijiko kidogo 1, chumvi.

Hatua ya 1. Chambua, osha, roweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo.

Hatua ya 2. Bandika kwa maji mapya yanayozidi maharage kwa vidole vitatu. Tia hoho moja iliyopasuliwa, jani la bay na chumvi kidogo. Eti chumvi hukaza maharage? Si kweli. Cha kuogopa ni siki. Yatokote kwa moto mdogo saa moja hadi moja na nusu, mpaka harage lipondeke kati ya vidole viwili bila kulazimishwa.

Hatua ya 3. Sasa sofrito, na hapa usiwe na haraka. Katakata kitunguu na hoho ya pili vipande vidogo sana. Pasha mafuta kwa moto wa wastani, tia vyote viwili na chumvi kidogo, kisha punguza moto. Koroga mara kwa mara kwa dakika 12 hadi 15. Mwanzoni vitatoa maji na kuchemka. Maji yakishakauka ndipo vinaanza kukaangika, vinalegea na kunukia utamu. Kitunguu saumu kinaingia mwisho, dakika moja tu, pamoja na bizari na oregano. Mara ya kwanza mimi nilitia vyote kwa pamoja. Kitunguu saumu kikaungua, sufuria nzima ikawa chungu, nikala hivyo hivyo kwa kiburi.

Hatua ya 4. Chota upawa mmoja wa maharage na mchuzi wake, mimina kwenye sofrito, ponda kwa mwiko. Rudisha vyote kwenye sufuria kubwa. Hivyo ndivyo mchuzi unavyoshika bila unga wowote.

Hatua ya 5. Chemsha dakika 20, tia siki na sukari, epua, funika. Yakitulia kidogo yanakolea zaidi. Pakua na wali mweupe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, yangu yamechemka saa tatu na bado magumu. Niliongeza nyanya mapema.
Nyanya ndiyo iliyokuponza. Uchachu huzuia maganda kulainika, kwa hiyo nyanya, ndimu na siki husubiri hadi maharage yaive. Kama hukutia chochote kichachu, basi maharage ni ya zamani sana au maji yako yana chokaa nyingi. Robo kijiko kidogo cha magadi soda husaidia.

Je, naweza kutumia maharage mekundu kwenye jiko la umeme la kupika polepole?
Usiyatie humo yakiwa mabichi. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauimalizi. Baada ya kuroweka, yachemshe kwa nguvu jikoni dakika 10, ndipo uyahamishe.

Rafiki yangu wa Puerto Rico anasema hii si sofrito.
Kwao husagwa mbichi kwenye blenda, pamoja na pilipili tamu ndogo ziitwazo ají dulce na majani ya culantro, yenye harufu kali kuliko giligilani. Huigandisha kwenye vibweta vya barafu na kutoa kimoja kimoja. Jina moja, vitu viwili. Msigombane.

Ni chakula kikali?
Hapana. Anayetaka ukali aelekee Meksiko.

Yakibaki?
Kaanga kitunguu na hoho, tia wali wa jana, kisha maharage na mchuzi kidogo, geuza mpaka wali uchukue rangi. Hiyo ni gallo pinto, kifungua kinywa cha Kosta Rika na Nikaragua. Wali uwe wa jana kweli. Wa moto utakuwa bokoboko.