Somo: Kumlisha mgonjwa wa saratani akiwa kwenye kemo na mionzi

Mama alipoanza kemo, yaani dawa za kuua saratani, nilimpakulia sahani ya ugali wa uwele imejaa. Aliitazama, akageukia ukutani.

1. Mpe kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu. Usisubiri aseme ana njaa.

2. Uji mtupu haumjengi. Nikikaribia kuepua uji wa ulezi, natia vijiko viwili vya karanga za kusaga na kikombe cha maziwa, unachemka tena. Mgonjwa huhitaji protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 50 ni gramu 50 na zaidi, na yai moja lina kama 6 tu. Piga hesabu mwenyewe.

3. Mdomo ukitoka vidonda, sisi watu wa Dodoma tuna mlenda, unateleza wenyewe. Uunge kwa karanga, usitie pilipili, nyanya wala ndimu, na upoe kwanza. Asukutue kwa maji ya chumvi: kijiko cha chai kwa lita ya maji yaliyochemshwa.

4. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, mara nyingi siku ya 7 hadi 14 baada ya dripu. Maziwa yachemke, mayai yaive, nyama isiyoiva asiguse hata ikitoka Msalato, mnada wetu wa nyama choma hapa Dodoma. Joto likifika 38, hospitali, hata usiku wa manane.

MASWALI

Dada, shikamoo. Baba anapigwa mionzi ya tezi dume, anaharisha. Nimpe dona na maharage apate nguvu?

Marahaba. Kwa sasa hapana, utumbo umechubuka. Mpe wali laini, viazi, ndizi mbivu, supu, na maji ya ORS. Na daktari wake ajue.

Eti sukari inalisha saratani, tumkatize uji?

Chembe zote za mwili hutumia sukari. Ukimnyima, anakonda yeye, uvimbe unabaki. Mwenye kisukari afuate alivyopangiwa.

Na unga wa mlonge?

Mboga yake sawa, ipikwe. Unga na mitishamba muulize daktari kwanza, nyingine hugombana na dawa. Mama alikuwa na pakiti tatu chini ya mto, nilizikuta nikitandika. Tulizibeba zote kliniki.