Mlango wa banda la kuku: tazama chini kwanza

Wengi wetu huku Unguja tunanunua kufuli zuri, halafu chini ya mlango kuna mwanya unaopita ngumi. Ngawa, yule mla kuku wa jamii ya fungo, hahitaji zaidi ya hapo, na cheche, wa jamii ya nguchiro, anahitaji nusu yake. Tena mbao zinavimba masika na kusinyaa kiangazi, kwa hiyo mlango uliobana mwezi wa nne utapwaya baadaye. Weka kizingiti cha jiwe au zege, mlango uje ukiegemea juu yake kwa nje. Ardhi ikiwa mchanga, fukia waya wa matundu madogo mbele ya mlango, kina cha shibiri mbili hivi, maana wapo wanaochimba.

Kamba ya kufungia si kitu. Ndoana peke yake nayo hutoka mlango ukitikiswa-tikiswa. Tia komeo la kusukuma, moja juu na moja chini, ili pembe ya mlango isivutike. Misumari ya bawaba ikishaanza kutu, na karibu na pwani haichelewi, badilisha kwa skrubu.

Funga kabla ya Magharibi, kuku wakishaingia. Ngawa hutoka kiza kikishika. Cheche ndiye wa mchana, huyo mlango hautamzuia kuku wakiwa nje.