Mfundishe kuhesabu mikono

Mtoto muogeleaji akizoea kukata tamaa katikati ya mbio za mita 200, hasa kwenye zile mita 50 za tatu, mfundishe kuhesabu mikono. Mazoezini ahesabu anapiga mikono mingapi ukuta hadi ukuta, mpaka namba aijue kwa kichwa. Siku ya mashindano, mapaja yakianza kuwaka na wa njia ya jirani akimpita, aanze moja, mbili, tatu hadi ukutani, ageuke, aanze upya. Akili inayohesabu haipati nafasi ya kusema "siwezi", na kazi iliyobaki inakuwa ukuta mmoja tu. Michael Phelps, muogeleaji wa Marekani, fainali ya mita 200 mtindo wa kipepeo, Olimpiki ya Beijing 2008, miwani ilijaa maji akawa haoni. Alihesabu mikono hadi mwisho, akatwaa dhahabu kwa rekodi ya dunia, 1:52.03. Kwenye mita 50 haisaidii, mbio ni fupi mno. Namba ya bwawa la mita 25 si ya bwawa la mita 50, na uchovu huongeza mkono mmoja au miwili. Mwambie mapema asije akababaika. Ila kama analia kila asubuhi ya mazoezi, hesabu weka kando, kaa naye umuulize kuna nini.