Changamoto ya kusoma: jinsi ya kuipanga ifike Desemba

Changamoto nyingi za kusoma, yaani malengo ya vitabu ambayo msomaji hujiwekea kwa mwaka, hufia kwenye hesabu. Mtu anaandika "vitabu 52" kwa kuwa mwaka una wiki 52. Mwisho wa Machi, wiki ya 13, amemaliza vinne, ana deni la tisa, na hata orodha yenyewe anaona haya kuifungua. Penseli na robo saa vingemwonyesha hilo mapema Januari.

Hatua ya 1: Pima mwendo wako

Chukua vitabu viwili vya aina tofauti, tuseme riwaya na kitabu cha historia. Soma kila kimoja dakika 30 kwa siku tatu, kisha hesabu kurasa. Pima katika hali unayosoma siku zote: kama simu huwa ubavuni, iache hapo hapo. Kipimo cha chumba kimya kitakudanganya mwaka mzima.

Usichukue takwimu za maneno kwa dakika zilizopimwa kwa wasomaji wa Kiingereza. Neno moja kama "hatukuwasomea" limebeba ukanushaji, mtendaji, wakati, mtendewa na tendo. Ukihesabu maneno utajiona mzito bure. Hesabu kurasa.

Tuseme umepata kurasa 30 kwa saa na una dakika 40 za uhakika kwa siku. Hizo ni kurasa 20. Usizidishe kwa 365. Ondoa siku 65 za homa, safari, misiba, harusi na kazi za usiku, zibaki 300. Kurasa 20 mara 300 ni 6,000. Gawa kwa vitabu vya wastani wa kurasa 300, unapata 20. Andika 18. Viwili vilivyobaki ni akiba, na akiba haitangazwi.

Hatua ya 2: Chagua changamoto moja kuu

Ya idadi ndiyo rahisi kuliko zote: unataja vitabu vingapi, unaanza. Goodreads, mtandao wa wasomaji wa kurekodi vitabu, inayo ya namna hiyo kila mwaka. Ubaya wake ni kwamba kitabu cha kurasa 700 kinahesabiwa sawa na cha kurasa 90, kwa hiyo ikifika Oktoba watu wanatafuta vitabu vyembamba na vile vinene walivyovitamani vinabaki rafuni. Dawa ni kuweka lengo la kurasa badala ya vitabu. StoryGraph, programu nyingine ya kurekodi usomaji, inakuruhusu kuweka lengo la kurasa au la saa. Daftari pia linatosha.

Ya vipengele inakupa masharti: kitabu cha tafsiri, diwani ya ushairi, kitabu kilichochapishwa kabla hujazaliwa. Read Harder ya tovuti ya vitabu Book Riot, iliyoanza 2015, ina vipengele 24, yaani viwili kwa mwezi. Hii inamfaa msomaji aliyegundua kwamba miaka mitatu mfululizo amesoma aina ileile ya riwaya.

Ya bingo inataka akili kidogo. Kadi ya 5 kwa 5 ina visanduku 25, kila kimoja na sharti lake la kitabu, na cha katikati mara nyingi hutolewa bure; unashinda ukijaza mstari mzima. Mstari wowote unaopita katikati unahitaji vitabu vinne tu badala ya vitano. Mistari hiyo ni minne: mmoja wa kulala, mmoja wa kusimama na miwili ya mshazari. Ukiimaliza yote umesoma vitabu 16. Anzia hapo. Wanaorukia kisanduku chochote kinachowavutia hujikuta na vitabu 11 vilivyotawanyika kadi nzima na hakuna mstari hata mmoja.

Ukitaka changamoto ya pili, iwe ndogo na ilishwe na vitabu vya ile kuu. Changamoto tatu zenye orodha tatu tofauti ni kazi ya ofisini.

Hatua ya 3: Andika kanuni kabla ya kitabu cha kwanza

Mstari mmoja kwa kila swali unatosha. Kitabu kimoja kinaweza kujaza vipengele viwili? Kitabu unachorudia kinahesabiwa? Cha kusikiliza je? Kitabu kifupi kuliko kurasa ngapi hakiingii? Kilichoanzwa mwaka jana ni cha mwaka gani?

Majibu yoyote yanafaa, mradi yaandikwe sasa. Kanuni inayotungwa Novemba huwa inampendelea aliyeitunga. Kama mnasoma kikundi, jambo hili ni zito zaidi, maana ugomvi wa vikundi vya kusoma mara nyingi hauhusu vitabu; unahusu nani kahesabu nini.

Kwa vitabu vya kusikiliza, makadirio yanayofaa ni saa 10 kwa kurasa 300. Ukiongeza kasi hadi 1.25, saa 10 zinakuwa 8, lakini kurasa zibaki zilezile 300.

Hatua ya 4: Panga theluthi mbili tu

Kwa lengo la vitabu 18, taja 12 na acha sita wazi. Orodha iliyojaa pomoni inaua hamu: rafiki anakusifia kitabu Mei na huna pa kukiweka.

Vilivyo vigumu kupatikana vitafute kwanza, hasa tafsiri na vilivyokwisha madukani, kwa sababu kuagiza au kusubiri zamu ya maktaba huchukua wiki. Vyepesi kupatikana vitangoja. Wengi hufanya kinyume, ndiyo maana Desemba wanabaki na vipengele vitatu visivyo na kitabu.

Kitabu kinachofaa sehemu zaidi ya moja kiandike kwa penseli kwenye zote, bila kuamua. Riwaya ya kurasa 140 iliyotafsiriwa, ya mwandishi wa kike, inaweza kuwa "tafsiri", "kitabu kifupi" au "mwandishi wa kike". Ukiifunga mapema kwenye "kitabu kifupi", ambacho kingejazwa na chochote, umepoteza tafsiri yako. Iamue baada ya kuona ni kipengele gani kinakosa kitabu.

Usipange vinene viwili kufuatana. Kati ya cha kurasa 600 na kingine kama hicho, weka hadithi fupi au tamthilia ya jioni mbili.

Hatua ya 5: Weka kumbukumbu siku hiyohiyo

Mstari mmoja kila unapofunga kitabu:

14 Machi | uk. 61–88 | dk 55 | ametokea dada wa nahodha

Hizo ni kurasa 28, si 27: ukitoa 61 kwenye 88, ongeza moja, kwani ukurasa wa 61 nao umeusoma. Neno la mwisho kwenye mstari si pambo. Ukikiacha kitabu siku tisa, ndilo litakalokurudisha kwenye hadithi bila kuanza sura upya.

Mitego ya programu ni miwili. Kwenye Goodreads, kitabu ulichokiweka kwenye vilivyosomwa bila tarehe ya kumaliza hakiingii kwenye hesabu ya mwaka. Idadi isipopanda, angalia tarehe kabla ya kulaumu programu. Pili, chagua toleo lilelile ulilonalo mkononi kwa kufuata ISBN, namba ya utambulisho wa toleo iliyo nyuma ya jalada, kwa sababu toleo jingine linaweza kutofautiana kwa makumi ya kurasa. Kwenye kitabu cha kielektroniki, ukikuza herufi idadi ya skrini hubadilika, hivyo rekodi asilimia, kisha zidisha kwa kurasa za toleo la karatasi.

Hatua ya 6: Jua lini uache

Kitabu kisichosomeka ndicho kinachokwamisha mwaka. Hukimalizi, na kwa kukionea aibu huanzi kingine. Mkutubi wa Marekani Nancy Pearl anajulikana kwa kanuni yake: kipe kitabu kurasa 50, na ukiwa na zaidi ya miaka 50, toa umri wako kwenye 100. Mwenye miaka 62 anadaiwa kurasa 38 tu. Kurasa ulizosoma zihesabu kwenye lengo la kurasa. Kwenye lengo la vitabu, zisihesabiwe.

Hatua ya 7: Ukibaki nyuma, lipa kidogo kidogo

Badili deni liwe kurasa. Vitabu vitatu vya kurasa 280 ni 840. Zikibaki siku 60, ni kurasa 14 za ziada kwa siku, yaani dakika 28 kwa mwendo wa kurasa 30 kwa saa. Kama dakika hizo hazipo, punguza lengo siku hiyohiyo na uandike tarehe uliyolipunguza. Usijaribu kulipa lote wikendi moja: baada ya saa tatu mfululizo macho yanapita kwenye mistari na kichwa kimebaki ukurasa wa nyuma, nawe utairudia sura Jumatatu.

Na kile ulichokianza Desemba 29, ukafika ukurasa wa 90 usiku wa mwaka mpya? Kurasa 90 za mwaka unaoisha, zilizobaki za mwaka unaoanza, na kitabu kizima cha siku utakayokifunga.