Dirisha la plagini likikwamakwama

Jumamosi moja kwaya ilikuwa kwangu Umoja, watu kumi na saba ndani ya chumba kinachotosha kumi na wawili wakivumiliana. Nilikuwa nimefungua ikwaliza kwenye treki ya soprano, plagini (programu ndogo inayokaa ndani ya programu ya kurekodi) ya kuongeza na kupunguza masafa, ile yenye mchoro mkubwa na mawimbi yanayocheza nyuma ya mstari. Nikashika kitone pale kwenye 3 kHz nivute chini kidogo. Kipanya kikashuka, kitone kikabaki juu. Nikangoja. Mara kikaruka kama panzi, kikatua mahali ambapo soprano wote walisikika kama wanaimba ndani ya mtungi.

Mwalimu wa kwaya alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. "Dada, hiyo mashine imechoka?"

"Haijachoka, mwalimu. Sikiliza, sauti haijakatika hata mara moja."

Na kweli haikuwa imekatika. Ni dalili ndogo, lakini mimi nilikuwa nimeipuuza kwa wiki mbili. Kila dirisha likikwama, naongeza bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta huliandaa kwa mpigo mmoja: sampuli 256, 512, 1024, hadi waimbaji wakaanza kulalamika kwamba wanajisikia wamechelewa kwenye hedifoni. Kitone nacho kinaendelea kuruka.

Bafa haingeweza kusaidia. Programu ya kurekodi hufanya kazi ya sauti kando na kazi ya kuchora. Sauti ndiyo inayopewa kipaumbele: ukiweka bafa ya sampuli 256 na kurekodi kwa 48,000 kwa sekunde, kompyuta ina kama milisekunde 5.3 tu kumaliza kila fungu, na ikikosa utasikia mkwaruzo. Mchoro hauna haraka hiyo. Skrini nyingi huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, na kazi ikizidi, picha kadhaa zinarukwa na muziki unaendelea kama kawaida. Kwa hiyo unaweza kuwa na sauti safi kabisa na dirisha linalotembea kama matatu kwenye foleni ya Jogoo Road.

Kabla hujagusa chochote, fanya jaribio hili. Cheza wimbo, kisha funga dirisha la plagini bila kuizima plagini yenyewe. Kama programu nzima imekuwa laini ghafla, tatizo lako ni uchoraji, endelea kusoma. Kama mikwaruzo iko pale pale na dirisha limefungwa, hiyo ni prosesa kulemewa na sauti, na hapo ndipo bafa na kugandisha treki (kuihifadhi pamoja na plagini zake ili zisikokotolewe tena) vinasaidia. Ukishajua, fungua madirisha moja moja. Mara nyingi utakuta mkosaji ni mmoja au wawili, na karibu kila mara ni yule mwenye kitu kinachocheza muda wote: mawimbi ya masafa, mishale ya vipimo, picha ya ukumbi unaozunguka. Kitufe cha kuzungusha huchorwa pale tu unapokigusa. Mawimbi huchorwa hata ukienda kuchemsha chai.

Sasa bonyeza Ctrl, Shift na Esc, uingie Performance kwenye Task Manager ya Windows, wimbo ukiwa unacheza na lile dirisha likiwa wazi. Laptop yangu ni ex-UK, nilinunua Luthuli Avenue, na ina chipu mbili za grafiki: ndogo iliyo ndani ya prosesa, na kubwa ya kando. Nilichokiona kilinichekesha na kunikasirisha pamoja. GPU 0, ile ndogo, ilikuwa juu sana. GPU 1, ile niliyoongezea pesa, sifuri. Nilikuwa nimemwajiri mbeba mzigo nikamkalisha mlangoni.

Kumwamsha ni hivi. Nenda Settings, System, Display, halafu Graphics. Ongeza programu yako kwa kulitafuta faili lake lenyewe, kwa mfano reaper.exe kwa REAPER au FL64.exe kwa FL Studio, chagua High performance, hifadhi. Kisha ifunge programu kabisa na uifungue upya, maana ikiwa wazi haitabadilika. Hapa kuna mtego ulionila jioni nzima: REAPER inakuruhusu kuiendesha plagini kwenye mchakato wake wa pekee, na ukifanya hivyo, anayechora si reaper.exe tena, ni reaper_host64.exe. Hilo nalo liongeze kwenye orodha.

Jaribu pia kinyume chake. Kwenye laptop nyingi skrini imeunganishwa na chipu ndogo, kwa hiyo kila picha ya chipu kubwa lazima inakiliwe kwanza ndipo uione. Kwa plagini nyepesi safari hiyo inaweza kugharimu zaidi ya faida yake. Dakika tano za Power saving na dakika tano za High performance, wimbo ule ule, dirisha lile lile, zitakuambia.

Wiki chache baadaye kijana mmoja alinijia kutoka Kayole na CPU yake, lile boksi la kompyuta ya mezani, kwenye boda, ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Kwake madirisha mengine yalifunguka meusi tupu, mengine yakikataa kabisa. Alikuwa ameshaambiwa na watu wawili anunue prosesa mpya. Nilibofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia, Device Manager, Display adapters, na pale pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Ukiyaona maneno hayo, usinunue kitu. Maana yake aliyeweka Windows hakumalizia kazi: draiva ya grafiki, programu inayoiwezesha Windows kuitumia chipu, haipo, na uchoraji wote umeangukia prosesa. Plagini nyingi huchora kwa OpenGL, lugha ya kuiagiza chipu ya grafiki ichore, na bila draiva Windows ina OpenGL 1.1 tu, toleo la miaka ya 90. Tulipakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa chipu, tukaiwasha upya mashine, na madirisha yakafunguka yote. Ilichukua muda mfupi kuliko ule alioutumia kumsubiri mtu wa boda.

Nikiwa nayo mezani niliangalia pia nyuma, kwa mazoea. Ukiwa na kadi ya grafiki iliyoongezwa, waya wa HDMI unapaswa kuingia kwenye kadi, chini kule, wala si juu karibu na tundu za USB. Nimeshaukuta umekosewa mara nyingi.

Skrini yenyewe ina mchango wake. Nilipochukua televisheni ya 4K ya mtumba niwe naona treki zote, kila kitu kikawa kizito tena. Hesabu ni rahisi: 1920 kwa 1080 ni nukta milioni 2 na kidogo, 3840 kwa 2160 ni zaidi ya milioni 8. Mara nne. Plagini inayochora kwa prosesa itahisi kila moja. Niliirudisha televisheni kwenye 1920 kwa 1080, na kwa umbali ninaokaa sijakosa kitu. Kama hutaki kushusha, punguza ukubwa wa dirisha ndani ya plagini yenyewe. Nyingi zina asilimia za kuchagua. Na kama unabofya kitufe kinashikika cha jirani, au maandishi yana ukungu, hiyo ni Windows inayovuta picha kwa nguvu: faili la programu, Properties, Compatibility, Change high DPI settings, weka tiki kwenye Override na uchague Application. Kwenye Ableton Live, programu nyingine ya kurekodi, bofya kulia kichwa cha plagini ujaribu kuzima na kuwasha Auto-Scale Plugin Window.

Usisahau menyu ya plagini. Nyingi zina swichi ya kuchora kwa kadi ya grafiki. Kwenye mashine mpya iwashe, kwenye chipu za zamani sana jaribu kuizima, na usishangae ikiwa kuzima ndiko kunakoleta nafuu. Kama kuna kasi ya mawimbi, ishushe. Mimi huyazima kabisa nikishapata masafa ninayoyatafuta, kwa sababu nimejikamata mara kadhaa nikichanganya kwa macho.

Stima ikipotea, laptop huhamia betri na kujipunguzia nguvu, grafiki ikiwa ya kwanza kubanwa. Chagua Best performance kwenye power mode, ukijua betri haitakaa. Vumbi kwenye feni nalo huleta joto, na joto huleta mwendo wa kinyonga.

Kuna hali moja iliyo kinyume: sauti inakwaruza pale tu unapoburuta dirisha. Hapo draiva ya grafiki inashikilia prosesa muda mrefu kupita kiasi. Programu ya bure ya LatencyMon itakutajia faili linalochelewesha. Likiwa la grafiki, weka draiva mpya, na kama taabu ilianza baada ya kuweka mpya, rudi kwenye ya zamani.

Baada ya yote hayo nilibaki na plagini moja isiyotibika, ya mwangwi, yenye picha ya kanisa la mawe linalozunguka polepole. Ndani ya REAPER kuna kitufe cha UI juu ya dirisha la plagini: ukikibonyeza, picha inaondoka na unabaki na slaida za kawaida, sauti ikiwa ile ile. Niliiacha hivyo.

Mwalimu aliporudi akainama kwenye skrini. "Dada, lile kanisa limeenda wapi?"

Nikampa hedifoni. Akasikiliza kwa macho yaliyofumbwa, akazivua, akawageukia waimbaji.

"Alto, tuanze na nyinyi."